Mlakaa, Ndege wa Fukwe za Magharibi mwa Bahari ya Hindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wakazi wa Nairobi wanaopenda kutazama ndege, wakiwemo wale wanaohudhuria matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na wengine ambao walishuka pwani wakati wa likizo ya Desemba wakarudi na picha ya ndege mweupe, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wasiyeweza kumtaja. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine yamerefushwa makusudi, hasa yanayohusu tundu la kutagia na malezi ya makinda, kwa kuwa hapo ndipo ndege huyu anapotofautiana na wenzake wote wa ufuoni.

Mlakaa ni ndege wa aina gani?

Mlakaa, ambaye jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, ni ndege wa ufuoni ambaye huishi kando ya maji ya chumvi, katika fukwe, mafungu ya mchanga na matope ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Mwanasayansi wa Sweden, Gustaf von Paykull, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi mwaka 1805, na kwa muda mrefu baada ya hapo wataalamu walitatizika kumtafutia ndugu, kwa maana hakufanana vya kutosha na kundi lolote walilolifahamu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu zaidi ni ndege wa familia ya Glareolidae, ambao baadhi yao hukimbia-kimbia kwenye mbuga kavu za Kenya mbali kabisa na bahari. Hata hivyo undugu huo ni wa zamani sana, na mlakaa amebaki peke yake katika familia yake ya Dromadidae. Ndege huyu akipotea, hapotei yeye tu, bali tawi zima la ukoo wa ndege litakuwa limekatika, na hiyo ni sababu moja inayonifanya niamini kwamba anastahili kujulikana zaidi ya anavyojulikana sasa.

Nitamtambuaje?

Mwili wake kwa uzito haupiti sana ule wa njiwa tunaowaona kwenye paa za mjini, kwani huwa kati ya gramu 230 na 325, lakini miguu mirefu ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati humfanya aonekane mkubwa zaidi. Urefu wake kutoka ncha ya mdomo hadi mkia ni sentimita 38 hadi 41. Kichwa, shingo na tumbo ni vyeupe. Mgongo ni mweusi, na manyoya makubwa ya mabawa ni meusi pia. Alama iliyo ya uhakika kuliko zote ni mdomo: ni mweusi, mnene, ulionyooka na wenye nguvu, tofauti na midomo myembamba ya ndege wengi wanaotembea matopeni. Anaporuka hunyoosha shingo mbele, na miguu yake huchomoza nyuma ya mkia.

Kwa mbali mtu anaweza kumchanganya na ndege wengine weusi kwa weupe wenye miguu mirefu. Yule mwenye miguu miekundu na mdomo mwembamba kama sindano, anayeonekana hata kwenye mabwawa ya Nairobi, si mlakaa. Wala yule ambaye ncha ya mdomo wake mwembamba imepinda kuelekea juu si yeye. Ukiwa na shaka, rudisha darubini kwenye unene wa mdomo.

Je, anaweza kuonekana Nairobi?

Hapana, mtu asimtarajie bara. Nairobi ina ndege wazuri wa matopeni, na atakayekwenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Dandora, upande wa Ruai, kati ya Septemba na Aprili atawakuta wahamaji waliotoka Ulaya na kaskazini mwa Asia wakichokoa tope pamoja na wakazi wa kudumu wa hapa. Hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kujifunza, kwa sababu macho yakishazoea kutofautisha miguu, midomo na mienendo ya ndege wa Dandora, kazi ya pwani huwa nyepesi. Lakini mlakaa hutegemea kaa wa baharini na kupwa na kujaa kwa maji, navyo havipandi mlima kuja kwetu.

Wanatoka wapi na hufika Kenya lini?

Makoloni yao ya kutagia yako kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuzunguka Bara Arabu na Pembe ya Afrika: katika Ghuba, kwenye visiwa vya nchi kama Irani, Kuwaiti na Umoja wa Falme za Kiarabu, katika pwani ya Omani, katika Bahari ya Shamu, ikiwemo Saudia na visiwa vya Dahlak vya Eritrea, na katika Somalia. Msimu wa kutaga huanza mwezi wa Aprili na kwendelea hadi Agosti. Ukiisha, ndege husambaa. Baadhi hubaki karibu, kwani tambarare za matope za Barr Al Hikman nchini Omani hupokea maelfu yao wakati wa baridi ya kaskazini. Wengine huelekea India, Sri Lanka na visiwa vya bahari kuu. Wengine tena hufuata pwani ya Afrika Mashariki kupita Kenya na Tanzania mpaka Madagaska, na wengine huishia Komoro na Shelisheli.

Kwetu huanza kuonekana kwa wingi kuanzia Agosti na kuendelea, nao huondoka kufikia Aprili. Mabaharia wa majahazi kutoka Arabuni walisubiri upepo wa kaskazi uwasukume kuja Lamu, Malindi na Mombasa. Mlakaa hasubiri, na wengi huwa wameshatua hapa kusi ikiwa bado haijamaliza kuvuma. Hata hivyo njia ni ileile na bandari ni zilezile, na mimi huona fahari kwamba ndege huyu anaunganisha hadi leo fukwe ambazo watu wake wameunganishwa na biashara, ndoa na lugha kwa karne nyingi.

Si wote wanaorudi kaskazini. Ndege wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa hubaki pwani ya Kenya mwaka mzima, kwa hiyo anayekwenda Juni asishangae akikuta kundi dogo.

Ni kweli kwamba hutaga yai chini ya ardhi?

Ni kweli, na hili ndilo linalomfanya awe wa pekee miongoni mwa ndege wa ufuoni duniani. Ndege wengine wa kundi hili hukwangua kishimo kidogo juu ya ardhi wazi, wakaweka mayai yenye madoadoa yanayofanana na mchanga au kokoto, na kuyalinda kwa kuyafichia rangi. Mlakaa huchimba. Akitumia mdomo na miguu yake, hutoboa tundu linaloingia ndani ya mchanga kwa kuteremka, lenye urefu wa mita moja hadi mbili na hata zaidi, na mwisho wake hupanuka kuwa chumba kidogo kisichotandikwa kitu chochote. Humo hutaga yai moja, kubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na jeupe kabisa. Weupe huo haumdhuru, kwani gizani hakuna wa kulificha yai machoni pake. Hawachimbi mmojammoja bali kwa koloni, tundu karibu na tundu, mpaka uwanja mzima wa mchanga unajaa midomo ya mashimo.

Sababu ya kuchimba inaeleweka mtu akifikiria jua la Ghuba na la Bahari ya Shamu wakati wa kiangazi. Juu ya mchanga joto hupanda kiasi cha kuua kilichomo ndani ya yai kwa muda mfupi, na ndege anayeatamia mahali pa wazi hulazimika kusimama juu ya mayai yake mchana kutwa, akiyatilia kivuli badala ya kuyapasha moto. Chini ya ardhi mambo ni mengine kabisa. Watafiti waliopima hali ya matundu katika visiwa vya Eritrea walikuta kwamba joto la chumba hukaa karibu na nyuzi 35 za Selsiasi, likibadilika kidogo tu kati ya mchana na usiku, na hilo ni joto linalokaribiana sana na lile ambalo yai la ndege huhitaji ili likue. Yaani jua lenyewe, kwa kupitia mchanga, hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia. Imeonekana kwamba wazazi wanaweza kuliacha yai bila kuliatamia kwa muda wa saa 58 mfululizo na yai lisiharibike. Sijui ndege wengi wenye uhuru wa namna hiyo.

Hapo pia ndipo inapoeleweka kwa nini huchagua kutaga katika miezi ya joto kali kuliko yote. Kwa ndege wengine miezi hiyo ni adhabu; kwa mlakaa ni msimu ambao tanuri lake la mchanga limefikia kiwango kinachofaa. Uhuru wa kuondoka kwenye tundu humruhusu kwenda kutafuta kaa mbali na koloni pale maji yanapokupwa, hata kama ni usiku, bila kuhofia kwamba yai litapoa au kuungua.

Mbona yai ni moja tu?

Kwa sababu kinda mmoja humgharimu mengi. Ndege wengi wa ufuoni hutaga mayai matatu au manne, na makinda yao hutoka yakiwa na nguvu za kutembea na kujitafutia chakula karibu mara moja. Kinda la mlakaa haliwezi kutembea siku za kwanza. Hubaki tundu lenyewe likiwa kimbilio, na wazazi wote wawili huliletea kaa mpaka mlangoni na ndani. Kaa ni chakula kinachohitaji kukamatwa, kuvunjwa na kubebwa, na mdomo unaoweza kufanya hivyo ni wa mzazi. Mara chache sana hupatikana mayai mawili. Kwa spishi yenye uzazi wa taratibu hivyo, kila ndege mzima anayeuawa ni hasara inayochukua muda mrefu kufidiwa.

Kwa nini baadhi ya ndege ninaowaona katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, ni wa kijivu, na huwafuata wenzao wakilia?

Hao ni wachanga wa mwaka huohuo. Mgongo wao ni wa kijivu badala ya mweusi, na kichwani wana michirizi. Wanachokifanya ni kuomba chakula, na ukivumilia na darubini yako utaona mzazi akimkimbiza kaa, akimkamata, kisha akimkabidhi mtoto ambaye kwa ukubwa wa mwili hana tofauti naye.

Ningependa msomaji asilipite jambo hili haraka. Wahamaji wengi wa ufuoni wanaofika Kenya hawana malezi yanayoendelea baada ya kuruka. Mara nyingi wakubwa huondoka kwanza, na wachanga hufuata peke yao wakiongozwa na silika. Mlakaa husafiri na mtoto wake kutoka mahali alipomwangulia, pengine visiwa vya Ghuba au Bahari ya Shamu, na anapofika kwenye matope yetu huendelea kumlisha kwa wiki na miezi. Kumkamata kaa mwenye magando ni ustadi unaohitaji muda wa kujifunza, na muda huo hupitishwa hapa. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama ambavyo husemwa mara nyingi, kwamba ndege hawa huja Kenya kupumzika tu. Sehemu ya malezi yao inakamilikia Mida, Lamu, Pemba na Mafia. Tukiwavuruga huku, tunavuruga uzazi wao, hata kama hakuna tundu moja lililochimbwa katika mchanga wetu.

Hula nini, na hulaje?

Kaa kwanza. Hula pia samaki wadogo wa matopeni, minyoo na viumbe wengine wadogo wa baharini, lakini mwili wake wote, kuanzia mdomo mnene hadi shingo yenye nguvu, umeundwa kwa ajili ya kaa. Namna yake ya kuwinda ni ya kutazama na kukimbilia: husimama kimya, huona kitu kinachosogea, hupiga mbio za ghafla, huchoma kwa mdomo. Kaa mdogo humezwa mzima. Aliye mkubwa hupigwa na kutikiswa mpaka miguu na magando yamkatike, kisha huliwa kwa vipande. Nimewahi kusimama muda mrefu nikiangalia ndege mmoja akifanya kazi hiyo kwa utulivu, akiweka chini, akiokota tena, akigeuza, mpaka kaa aliyekuwa na magando ya kutisha akawa donge linaloweza kumezeka.

Katika hori zenye mikoko, tope huwa limejaa kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi. Hawa hutoka kwenye mashimo yao maji yanapokupwa na kurudi yanapojaa, na mlakaa huishi kwa ratiba hiyohiyo. Kaa hao nao hula majani ya mikoko yaliyooza na kulichimba tope hewa ikapita, kwa hiyo uhai wa ndege huyu umeanzia kwenye mkoko, ukapitia kwa kaa, ndipo ukamfikia yeye. Anayekata mkoko kwa kuni huenda hajawahi kumwona mlakaa, lakini amempunguzia mlo.

Je, huwinda usiku?

Ndiyo. Macho yake ni makubwa, na huwa na pilika nyingi jioni, usiku na alfajiri. Wenyeji wanaoishi karibu na hori huwasikia wakiitana gizani, maana ni ndege wenye kelele, hasa wakiwa kundini.

Nchini Kenya huonekana wapi?

Mahali panapojulikana zaidi ni Hori ya Mida, katika Kaunti ya Kilifi, kusini kidogo ya mji wa Watamu. Hori hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32, imezungukwa na mikoko, na maji yanapokupwa huacha wazi uwanja mpana wa tope, mchanga na nyasi za baharini. Ni sehemu ya eneo la bahari la Watamu lililohifadhiwa tangu 1968. Ndege huyu huonekana pia katika mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, katika delta ya Mto Tana, na katika visiwa vya Lamu mpaka Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Ukivuka kwenda Tanzania utamkuta Unguja, Pemba, Mafia na delta ya Rufiji.

Mida imejulikana kuliko kwingine kwa sababu ya urahisi wa kufika, na kwa sababu ya kazi iliyofanywa na watu wa hapo. Kuna daraja la mbao linaloning'inia kupita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege kinachoangalia tope. Malipo ya kiingilio huenda kwenye mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya, ambao huwalipia karo ya shule ya sekondari watoto wa familia zinazoishi karibu na Msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hiyo. Mimi huona mpango huo una busara kuliko mabango mengi ya kukataza, kwa sababu mzazi ambaye mtoto wake anasomeshwa na ndege hahitaji kuhubiriwa.

Nipangeje safari kutoka Nairobi?

Anza na jedwali la maji, si kalenda ya likizo. Watu wengi wa bara hupanga kila kitu, treni ya kwenda Mombasa, matatu ya kwenda Watamu, chumba cha kulala, kisha wanafika kwenye kibanda maji yakiwa yamekupwa kabisa na ndege wakiwa vidoa vyeupe upande wa pili wa tope. Wanaporudi husema Mida haina kitu.

Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika Mombasa inaweza kukaribia mita nne, na maji hujaa karibu na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na maji hujaa kuelekea saa nne asubuhi. Ndani ya hori kama Mida mambo huchelewa kidogo kuliko kwenye bahari wazi. Wakati mzuri ni ule ambapo maji yanapanda: ndege waliotawanyika husukumwa taratibu kuelekea nchi kavu, makundi hukusanyika kwenye mafungu yanayobaki, na mlakaa hujipanga pamoja na wahamaji wengine wa kila ukubwa. Fika angalau saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, keti, na uyaache maji yakuletee ndege.

Miezi ya Oktoba hadi Machi ndiyo bora. Beba darubini, maji ya kunywa, kofia na viatu visivyoogopa tope. Ajiri mwongozaji wa hapo hata kama unajua ndege vizuri. Yeye anajua leo kundi limelala fungu lipi.

Je, inafaa kutembea kwenye tope ili niwapige picha kwa karibu?

Ningeshauri usifanye hivyo maji yanapojaa. Kundi lililosongamana kwenye fungu la mwisho halina mahali pengine pa kwenda. Likirushwa, hutumia nguvu iliyopatikana kwa kaa wa saa nyingi, na likirushwa mara tatu au nne katika alasiri moja hasara huwa kubwa, hasa kwa wachanga wanaotegemea kulishwa. Boti za starehe zinazokatisha karibu na mafungu huleta madhara hayohayo. Ukiona ndege wameacha kula, wameinua vichwa na kuanza kutembea wakikupa mgongo, umeshasogea kupita kiasi, nawe unapaswa kurudi nyuma polepole kabla hawajaruka.

Je, mlakaa yumo hatarini?

Katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini amewekwa katika daraja la wasio na wasiwasi mkubwa, na idadi yao duniani hukadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000. Mtu anaweza kuridhika na habari hiyo, lakini mimi siridhiki nayo, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba ndege wote hao hutegemea makoloni machache. Koloni moja likivamiwa na paka au panya walioletwa na binadamu, au likakusanywa mayai, au kisiwa chake kikajengwa, sehemu kubwa ya uzazi wa mwaka hupotea kwa mpigo. Visiwa vyenyewe vingi ni vya chini, vya mchanga, na kupanda kwa usawa wa bahari kunavitishia, kwani tundu linaloingiwa na maji ya chumvi haliwezi kuangua. Halafu Ghuba na Bahari ya Shamu ni njia kuu za meli za mafuta, na mafuta yakimwagika huenea kwanza palepale wanapokula, kwenye tope la pwani.

Sababu ya pili iko kwetu. Mikoko hukatwa, taka za miji hushuka na mito, na ujenzi wa fukwe hauachi nafasi kwa ndege wanaohitaji uwanja mpana na mtulivu. Tope huonekana kama ardhi isiyotumika, na mpangaji wa miji anayeliangalia kutoka ofisini Nairobi anaweza kuliandika hivyo kwenye ramani. Wakati huohuo hilo tope hulisha ndege kutoka nchi nyingi, hulisha samaki wadogo wanaokuja kuvuliwa baharini wakiwa wakubwa, na huwapa riziki wavuvi wa kaa wa Kilifi na Lamu.

Sheria inamlinda?

Inamlinda. Ndege wa porini wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na hifadhi za bahari husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori. Kenya pia ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu tangu 1990, na delta ya Mto Tana iliorodheshwa chini ya mkataba huo mwaka 2012. Zaidi ya hayo, kuna mkataba wa kuwahifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na nchi za Ulaya na Asia, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2001, na mlakaa yumo katika orodha yake. Huo wa mwisho ndio unaomfaa zaidi, kwa kuwa ndege anayezaliwa nchi moja na kulelewa nchi nyingine hawezi kulindwa na sheria ya upande mmoja.

Mtu wa Nairobi asiye mtaalamu anaweza kusaidia vipi?

Kwa kuhesabu na kuandika. Kila Januari hufanywa hesabu ya ndege wa majini, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya huiratibu kwa kushirikiana na mashirika mengine, na watu wa kujitolea wanahitajika. Anayeanza hupangwa na mzoefu. Kazi yake ya kwanza huwa kuandika namba anazosomewa, na kwa kufanya hivyo hujifunza ndege haraka kuliko kwa kitabu. Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909 kikiwa chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki na Uganda, hupokea wanachama wapya wakati wote na ndicho kinachoandaa matembezi ya Jumatano. Upo pia mradi wa Kenya Bird Map, ambao hupokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote aliyejisajili, mahali popote nchini. Orodha iliyoandikwa Watamu wakati wa likizo, yenye tarehe, saa na idadi, ina thamani kuliko picha mia zilizobaki kwenye simu. Ukimwona mlakaa, andika pia wangapi walikuwa na mgongo wa kijivu, kwa sababu uwiano wa wachanga kwa wakubwa ndio unaotuonyesha jinsi msimu wa kuzaa ulivyokwenda huko kaskazini, kwenye visiwa ambavyo wengi wetu hatutafika.

Nikimwona ndege mwenye pete mguuni, nifanye nini?

Usimfukuze wala usijaribu kumkamata. Angalia kwa darubini pete iko mguu wa kulia au wa kushoto, iko juu au chini ya goti, ina rangi gani, na kama ina herufi au namba zinazosomeka; ukiweza, piga picha ukiwa palepale ulipo. Andika tarehe, saa, mahali hasa, na ndege alikuwa akifanya nini. Kisha peleka taarifa kwa wataalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ambao huziwasilisha kwa waliomvisha pete. Taarifa isiyokamilika pia ipelekwe, maadamu umeeleza wazi ni sehemu gani uliiona vizuri na ni ipi hukuiona.